Fundi kanipigia bolti kwenye mpira wa kupumulia wa injini halafu ananiita mgeni wa magari!!!

Wakuu niko hapa Kibaha Maili Moja kando ya barabara, oili imenifika hadi viwikoni, simu naishika kwa vidole viwili, na nisipoyatoa haya sasa hivi nitapasuka. Fundi mnamjua, simtaji. Yule wa chini ya mwembe, anayetembea na spana mfuko wa nyuma hata akienda msibani. Kila mwenye Subaru Dar hii kashapita mikononi mwake akatoka analia.

Nina Subaru Forester ya tabo, SG5, tabo ndo ile feni inayoisukumia injini hewa kwa nguvu. Wenye nazo mnajua, ukiikanyaga, gesi ya moto inapenya kwenye ringi za pistoni inashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, inazoa ukungu wa oili, inapanda nao kwenye mipira ya kupumulia hadi mdomoni mwa tabo. Tabo inaumeza inautema kwenye intakula, kile kipoza hewa ya tabo, intakula inalowa ndani kama karai la chipsi, na injini ikichoma huo ukungu pamoja na petroli inaanza kugonga, yaani mchanganyiko unajilipukia wenyewe ovyo. Pistoni za hizi injini hazitaki kugonga kabisa, zinakatika pale kwenye ringi. Ndo maana nilifunga kechikeni, kopo lenye vichujio ndani, likakaa katikati ya ule mpira: oili inanasa humo, hewa inapita. Kila nikilimwaga linatoa kama nusu kikombe, oili imechanganyika na maji, rangi ya chai ya maziwa. Nusu kikombe ambacho injini ingekinywa!

Jumamosi nikampelekea abadilishe plagi. PLAGI TU. Nimeenda kula, narudi kechikeni liko mchangani, kuku analidonoa. Mpira wa kupumulia kauchomeka bolti ya namba 14 akakaza na klipu. Bolti wakuu! Namuuliza hii nini, anajifuta mikono, anacheka mbele ya wateja wanne, ananiambia "Kaka hilo ni kopo la mboga, nimekuzibia, sasa oili haiendi popote."

Oili haiendi popote.

Leo naelekea Morogoro, nimekanyaga kupita lori, kijiti cha kupimia oili kikaruka chenyewe. Manake ukikanyaga, vali ya PCV, ile inayopitisha pumzi ya sampu irudi injini iichome, inafunga, na njia pekee iliyobaki ya kupumua ndo ile aliyoipiga bolti. Na tabo inarudisha oili chini kwa mteremko tu, haina pampu ya kuivuta, sasa sampu ikijaa upepo oili itashukaje? Imetokea kwenye sili za tabo, imetokea kwenye kava za vali, imetokea sili ya nyuma ya kranki, moshi wa bluu mpaka bodaboda kaingia humo sijamwona akitoka. HAIENDI POPOTE! Imeenda kila mahali isipokuwa mahali pake!

Nimempigia simu. Anasema "Subaru zote zinakula oili, we mgeni wa magari." Mimi! Miaka tisa na hii gari! Na nimewasikia waliokaa naye wanacheka. Bolti kachomeka yeye, namba 14, mgeni nikawa mimi.

Kijana wa Reli: Pole mkuu ila hapo kwa kuku nimecheka hadi nimemwamsha mtoto. Unamwachaje yule na gari unaenda kula?

Spana Kumi: Makopo ya nini gari ya kwenda kazini? Yangu ina tabo, haina kopo, inatembea.

Mleta mada: Chomoa bomba la intakula, pitisha kidole, urudi hapa.

Spana Kumi: Nimepitisha. Hilo kopo bei gani?

Mzee Gia: Mleta mada usikimbilie kununua tabo. Toa hiyo bolti, safisha mipira yote, osha intakula, weka oili kwa kipimo, halafu uone kama moshi unakata. Na PCV badilisha, ikishindwa kufunga tabo inapuliza moja kwa moja kwenye sampu, hapo hata ufunge makopo kumi.

Mleta mada: Asante mzee. Ila ile bolti. Mbele ya wateja wanne!

Mdau wa Dizeli: Afadhali nyie wa petroli. Pajero yangu oili imekutana na masizi ya EGR, ile njia inayorudisha moshi kwenye injini, imekuwa lami, njia ya hewa imebaki tundu la kupitisha kidole gumba. Huyohuyo wa mwembe kachokonoa na bisibisi, vipande vyote kavidondoshea ndani. Bisibisi!

Dada Klachi: Mnalilia oili. Mimi kaniuzia saiti mira yangu mwenyewe. Nimefunga, nageuza nyuma naona herufi R mwanangu aliyoichora na msumari.

Kijana wa Reli: Ya kushoto?

Dada Klachi: Kushoto. Kwani vipi?

Kijana wa Reli: Basi tu.

Spana Kumi: Kijana wa Reli hebu njoo hapa. Umeuziwa na nani?

Mdau wa Dizeli: Piga picha ya kwako tuone.

Kijana wa Reli: Nimenunua kwa hela yangu jamani, kioo hakina kadi ya gari.

Dada Klachi: Picha. Upande wa nyuma.

Mleta mada: Wakuu bado niko Kibaha. Nani ana namba ya brekidauni?

Mzee Gia: Subiri kidogo mkuu, huyu atume picha kwanza.