R22 inaadimika madukani: kwa nini dunia ilielewana kwenye gesi za friji ikashindwa kwenye moshi?

FundiBaridi_Mza

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni fundi wa friji na AC hapa Mwanza. Kazi zangu nyingi ni friji za majumbani na AC za maofisini, mara mojamoja chumba cha baridi cha samaki. Siku hizi kupata mtungi wa R22, gesi ya kupozea ya AC nyingi za zamani, ni shughuli, na ukiupata bei inakatisha tamaa. Muuzaji niliyemzoea ananijibu kwa mkato: "Hiyo inaondolewa, ni mambo ya mikataba ya kimataifa." Chuoni Itifaki ya Montreal, ule mkataba wa kulinda ozoni, ilipita kwa mistari miwili, tukaandika kwenye daftari, tukaendelea na kuchomelea mabomba.

Kinachonitatiza ni hiki. R12 sijawahi kuijaza, naikuta tu kwenye kibandiko nyuma ya friji za wazee. Ina maana walipoamua iishe, iliisha kweli. Sasa mbona kwenye mafuta na makaa ya mawe kila mwaka wanakutana, picha zinapigwa, na joto linazidi? Si Umoja wa Mataifa uleule? Na hii Kigali inayosemwa kwamba itafuata hata R134a na R410A, gesi za friji na AC za siku hizi, ni mkataba mwingine au ni mtoto wa Montreal?

Wenye kujua nisaidieni, ila kwa lugha ya fundi.

MzeeKompresa

Kigali ni mtoto wa Montreal, tutafika huko. Mimi nipo Tanga na R12 nimeijaza miaka mingi. Tena tulikuwa tunaipuliza hewani kusafishia mabomba, mtaa mzima unasikia "fyuuu", na hakuna aliyekuwa na neno. Baadaye tukaitwa semina, tukaonyeshwa mashine ya kunyonya gesi na kuirudisha mtungini. Tuliokuwa nyuma tukanong'onezana kwamba hawa wageni ni wabahili kweli.

Wanakemia wawili, Molina na Rowland, waliandika mwaka 1974 kwamba gesi za jamii ya R11 na R12, zinazoitwa CFC, zikipanda juu kabisa zinavunja tabaka la ozoni. Viwanda vikabisha kwa zaidi ya miaka kumi. Mwaka 1985 Waingereza waliokuwa wakipima hewa kule Halley, Antaktika, wakatangaza kwamba ozoni ya juu yao inapungua vibaya kila ifikapo majira yao ya kuchipua. Mwaka huohuo ukawekwa Mkataba wa Vienna, ambao ulikuwa maneno matupu, na tarehe 16 Septemba 1987 ikaja Montreal. Aliyewabana mawaziri kwenye vikao vile alikuwa Mwafrika, Mostafa Tolba wa Misri, mkuu wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa. Makao yake yalikuwa hapo Nairobi, wala si Geneva au New York kama watu wanavyodhani.

Watu wanapoisifia Montreal husahau kwamba ilipozaliwa ilikuwa dhaifu. Walisaini nchi 24 na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, na sharti lilikuwa kupunguza CFC nusu tu. China na India zilikaa nje. Zilisema hivi: nyie mmeshatumia hizi gesi mkatajirika, sasa wananchi wetu ndio kwanza wanataka kununua friji, gharama ya kubadili atalipa nani? Jibu lilipatikana London mwaka 1990. Ukaundwa mfuko wa pamoja, nchi tajiri zikachangia, na lengo likapanda kutoka nusu hadi kumaliza kabisa. China ikaingia 1991, India 1992. Sisi nchi zinazoendelea tukaongezewa muda: CFC tulipaswa kuzimaliza ifikapo 2010. Mashine ile ya semina yetu, pesa yake ilitoka kwenye mfuko huo. Kwangu mimi Montreal ilianza London, siku fedha ilipowekwa mezani.

Kingine ni fimbo. Itifaki inakataza wanachama kuuziana gesi hizo na nchi isiyo mwanachama. Ukikaa nje, soko limefungwa. Leo kila nchi duniani imo.

Halafu jiulize nani alikuwa anatengeneza. Ni kampuni chache tu, kubwa kuliko zote DuPont ya Marekani. Hiyo DuPont ilipinga mpaka ilipoona mbadala wake unaiva maabara, na mwaka 1988 ikatangaza itaacha kutengeneza CFC. Sisemi walikuwa na huruma na ozoni. Walikuwa na gesi mpya ya kukuuzia wewe na mimi.

Sasa upande wa moshi. Rio 1992 nchi zilisaini mkataba wa tabianchi usio na namba za kumbana mtu. Mwaka 1995 Berlin, kikao cha kwanza cha COP, ule mkutano wa nchi wanachama wa mkataba huo, kikiongozwa na Angela Merkel akiwa bado waziri wa mazingira wa Ujerumani, kikakubali kwamba nchi tajiri zitangulie. Kwa Itifaki ya Kyoto, Desemba 1997, zikapewa namba: kwa jumla zishushe asilimia 5.2 chini ya kiwango cha 1990, kati ya 2008 na 2012. Lakini Seneti ya Marekani ilikuwa imeshapiga kura Julai ya mwaka huo, 95 kwa 0, kwamba haitaki mkataba usioibana China na wenzake. Rais Bush mwaka 2001 akaitupa Kyoto kabisa. Itifaki ikasubiri Urusi iridhie ndipo ianze kazi, Februari 2005. Canada ikatangaza kujitoa 2011. Fimbo ya biashara haikuwepo, na mfuko wa maana haukuwepo.

Ila kwa jicho la fundi tofauti kubwa ni mahali pa kupimia. Montreal inahesabu mitungi kwenye geti la kiwanda na bandarini: imetengenezwa kilo ngapi, imeingia kilo ngapi, basi. Haikumwambia mteja wako azime friji. Kyoto ilihesabu kinachotoka mwishoni, kwenye kila bomba la moshi, kila gari, kila jiko la nchi nzima, halafu serikali ndiyo ijibu. Hakuna aliyethubutu kusema kisima fulani kisichimbwe au mgodi fulani ufungwe. Hata Paris 2015 kila nchi inajiandikia lengo lake, na neno mafuta halimo kwenye makubaliano yale. Ilibidi tusubiri Dubai 2023 ndipo waandike kwamba dunia iondoke kwenye nishati hizo, tena kwa lugha laini.

BintiPangani

Shikamoo mzee. Nimeifurahia hiyo ya geti la kiwanda, lakini Montreal umeipaka rangi sana. Mbadala waliotuuzia ndio huohuo unaopasha dunia joto! R134a haigusi ozoni, sawa, ila kilo yake moja ni kama kilo 1,430 za hewa ukaa kwa hesabu ya miaka mia. R410A inapita 2,000. Walitibu jicho wakaumiza sikio.

Na R22 anayoitafuta kaka wa Mwanza ina mkasa wake. Nimewahi kufanya kazi kwenye biashara ya kaboni, tulikuwa tunausimulia kwa kicheko cha uchungu. Ukitengeneza R22, pembeni inatoka taka inaitwa HFC-23, ambayo Kyoto iliihesabu mara 11,700 ya hewa ukaa. Chini ya utaratibu wa Kyoto, kiwanda cha China au India kikiteketeza taka hiyo kinapewa vyeti vya kaboni, yaani hati za moshi uliopunguzwa, vya kuuza Ulaya. Kuteketeza ni rahisi, vyeti vina bei nono. Basi vingine vikawa vinatengeneza R22 ili vipate taka ya kuchoma! Ulaya ilivikataa vyeti hivyo kuanzia 2013, watu wameshavuna. Afrika tuliambulia makombo. Kwetu nakumbuka mradi wa gesi ya lile dampo la Mtoni, Dar.

Inaniuma zaidi kwa sababu Tanzania ilikuwa mstari wa mbele Kyoto. Mwaka 1997 sisi ndio tuliokuwa wenyekiti wa kundi la G77 na China, umoja wa nchi zinazoendelea, na msemaji kwenye majadiliano ya tabianchi alikuwa Profesa Mark Mwandosya. Vijana wanamjua kwa siasa za 2005 tu, alipowania kuteuliwa na CCM kugombea urais. Kundi lake lilisimama imara, kipengele cha nchi maskini kujiwekea ahadi "za hiari" kikafutwa usiku wa mwisho. Utaratibu wa vyeti wenyewe ulianza kama pendekezo la Brazil la mfuko ambao matajiri wakivuka kiwango watozwe faini. Likaingia chumbani kama faini, likatoka kama soko.

MzeeKompresa

Marahaba mwanangu. Hapo kwa HFC, yaani jamii ya R134a na R410A, sibishani nawe, na ndiyo sababu ya Kigali. Tarehe 15 Oktoba 2016, baada ya kukesha, nchi zilikubaliana kuziingiza HFC ndani ya Montreal, ingawa haziharibu ozoni. Ona ujanja wake: gesi zilezile zilikuwa kwenye orodha ya Kyoto tangu 1997 na hazikupungua. Wakazihamishia kwenye mkataba wenye geti, mfuko na fimbo. Marekani ileile ya 95 kwa 0, Seneti yake ikaridhia Kigali mwaka 2022 kwa kura 69 kwa 27, kwa sababu wenye viwanda vyao walikuwa wanaitaka. Rudi kwenye hoja yangu ya DuPont.

Lakini nawe usiidharau R12. Ile ni karibu mara 11,000 ya hewa ukaa. Waliokaa wakapiga hesabu walikuta kwamba kuziondoa CFC kumeiokoa tabianchi kuliko lengo lote la Kyoto, na hakuna aliyekuwa amelenga hivyo.

Mwizi hakosekani. Mwaka 2018 wanasayansi waliona R11 haishuki hewani kama inavyotakiwa, na mwaka uliofuata vipimo vikaonyesha sehemu kubwa inatoka mashariki mwa China. Baadaye ikashuka tena. Kwenye moshi, nani angemkamata nani?

FundiBaridi_Mza

Aisee, asanteni sana. Shikamoo mzee, dada heshima yako. Sasa mteja wangu nimwambie nini? Ana AC tatu za R22, zinafanya kazi vizuri. Kuna jamaa anamshawishi amwekee gesi ya "mbadala" ya bei nafuu humohumo. Na shemeji yangu yuko Muscat, anasema huko R410A imejaa tele, hana habari na Kigali.

MzeeKompresa

Muscat wana ratiba yao. India, Pakistan, Iran, Iraq na nchi za Ghuba zilidai joto lao ni kali, zikapewa kundi la pili: zinaanza kusimamisha kiwango 2028. Kundi letu lilisimama 2024, tunapunguza asilimia 10 mwaka 2029. Kwa hiyo R134a na R410A hazitoweki kesho.

R22 ni habari nyingine. Tangu 2025 nchi za kundi letu zinapaswa kuwa zimekata asilimia 67.5, na 2030 inabaki asilimia 2.5 kwa ajili ya matengenezo tu. Mwambie mteja azitumie AC zake mpaka kompresa ife, zinazovuja uzibe kwanza. Kuongeza gesi kwenye mfumo unaovuja ni wizi, wa mteja na wa hewa. Akinunua mpya, aangalie za R32, hiyo ni mara 675 tu ya hewa ukaa. Friji ndogo achukue ya R600a.

Huyo jamaa wa "mbadala" mkatalie. Mara nyingi ni propani, na AC ya R22 haikutengenezwa kwa gesi inayowaka. Mwaka 2011 kontena za baridi zililipuka na kuua mafundi. Zilikuwa zimepita Vietnam zikajazwa gesi feki yenye R40, yaani kloridi ya methili, kemikali hatari.

Ukinunua mtungi, usiamini rangi wala maandishi. Uache kivulini mpaka ulingane na joto la chumba, funga geji, soma. Kwenye nyuzi 30 R22 inakupa karibu psi 158, R134a karibu 97. Ukiona namba ya katikati, rudisha dukani ukiwa na risiti.