Kupanda Mlima Eburu mwezi Machi pamoja na mama mwenye goti linalouma: inafaa?

Mkazi wa Dunga, Kisumu

Hamjambo nyote. Naomba ushauri wa watu waliowahi kupanda Mlima Eburu, ule ulio kati ya Ziwa Naivasha na Ziwa Elmenteita. Jumamosi ya tatu ya Machi tunakusudia kwenda watu sita: mimi na mume wangu, watoto wetu wawili wa miaka 13 na 16, mdogo wangu, na mama yetu mwenye umri wa miaka 61. Safari yenyewe ilianza kwa mama. Alizaliwa Molo, na tangu alipoolewa huku ziwani hajaingia tena katika msitu wa baridi wenye mitarakwa na ukungu, naye husema kwamba harufu ya msitu ule anaikumbuka hata kuliko uso wa mwalimu wake wa kwanza.

Shamba analima mwenyewe na kanisani huenda kwa miguu, lakini goti lake la kushoto humsumbua kila anapoteremka mahali penye mwinamo. Tumeambiwa kwamba njia ya Eburu ni ya wastani, ya kwenda na kurudi siku moja. Je, ni ya wastani kwa mtu kama mama, au kwa vijana tu? Na kwa kuwa masika huenda yakaanza wakati huohuo, tuendelee na mpango au tusubiri?

Mwalimu, Nakuru

Dada, karibu sana huku kwetu. Eburu nimeupanda mara tano, nyingi kati ya hizo nikiwa na wanafunzi, na kwa maoni yangu neno «wastani» linafaa kwa kupanda tu. Kuteremka ndiko kunakomchosha mtu, na goti la mama litaulizwa maswali yake wakati huo, si asubuhi.

Udongo wa mlima ule ni wa majivu ya volkano. Wakati wa kiangazi huwa vumbi laini kama unga wa ngano, unaingia viatuni hadi soksi zinageuka rangi, na mvua ikinyesha hata kwa nusu saa unateleza kama sabuni iliyolowa. Mwaka mmoja kikundi tulichojiunga nacho kilichelewa, tukaanza kupanda saa tano asubuhi, katika juma la mwisho la Machi. Wingu lilitukuta mgongoni mwa mlima kabla ya saa nane. Mwenzetu mmoja alitegua kifundo cha mguu kwenye mzizi ambao asubuhi sote tuliuruka bila kuuona. Mama mmoja aliyekuwa nasi alivua leso yake, akaikunja upana wa vidole vinne, akakifunga kifundo kile kwa mizunguko inayopishana kuanzia chini ya unyayo, akakaza fundo pembeni ili lisimchome. Njia tuliyopanda kwa saa tatu tuliiteremka kwa saa tano, tukafika chini gizani. Tangu siku hiyo sianzi safari ya Eburu baada ya saa moja asubuhi, kwa sababu mvua za mwanzo wa masika huku kwetu hupenda kunyesha alasiri, jua likishachemsha bonde.

Kwa hiyo tarehe yenu si mbaya hata kidogo. Lakini msitoke Kisumu siku ileile, kwani hadi Nakuru tu ni takriban kilomita 180. Mlale Nakuru au Naivasha Ijumaa, muwe mlangoni mwa msitu kunapopambazuka. Mama abebe fimbo mbili kutoka nyumbani, moja kila mkono, zilizokatwa kwa urefu wa kiwiko chake. Akiteremka aziweke chini kwanza, ndipo mguu ufuate. Tafadhali msikate fimbo msituni.

Jambo jingine ni baridi. Kisumu iko kwenye mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, na mgongo wa Eburu unapita mita 2,800. Joto hupungua kwa kiasi cha digrii sita kila mtu anapopanda mita 1,000, kwa hiyo mtakuwa mahali penye baridi kuliko kwenu kwa digrii kumi au zaidi, tena mkiwa na jasho mgongoni. Kila mmoja awe na sweta na koti la mvua, hata kama mbingu ni nyeupe mnapoanza.

Mkulima wa pareto, Eburu

Shikamoo mama yetu, na karibuni. Mwalimu amesema vizuri kuhusu muda na utelezi, nami ninaongeza yale tunayoyaona sisi tunaoishi kando ya msitu.

La kwanza ni maji. Watu wa Kisumu wamezoea kwamba mlima wenye msitu una vijito, lakini kwetu mvua huzama katika miamba yenye matundu, na mtu anaweza kutembea kutwa asikute mahali pa kujaza chupa. Hata majumbani wengi wetu tulikua tukinywa maji ya mvuke. Ardhi inatoa mvuke kwenye nyufa, na jina lenyewe la mlima latokana na Kimaasai, lenye maana ya moshi au mvuke. Wazee waliweka bomba juu ya ufa; mvuke ukipita ndani yake hupoa, ukawa matone, na matone yakaanguka kwenye pipa usiku kucha. Kwa hiyo bebeni lita tatu kwa kila mtu, na msimwachie mtoto mmoja mzigo wa wote.

La pili ni wanyama. Msitu huu wa takriban kilomita za mraba 87 umezungushiwa ua wa umeme wa kilomita 43 hivi, uliokamilika mwaka wa 2014, ili nyati wasile mazao yetu na watu wasikate miti ovyo. Ukishapita lango, wewe ndiwe uliye ndani pamoja na nyati. Ndiyo sababu ninawasihi msiingie bila askari wa Huduma ya Misitu au kijana wa chama cha wananchi wanaotunza msitu, ambao wanazijua njia na wanasoma kinyesi na nyayo mbichi kabla yenu. Bado kuna bongo wa milimani, swala mwekundu mwenye mistari myeupe ambaye amebaki Kenya pekee porini, na hawafiki mia moja. Hamtamwona, kwa maana hata sisi hatumwoni, lakini mkitembea kimya mtampa nafasi ya kuishi, na huenda mbega wakawaruhusu muwatazame.

Kuhusu mama, rai yangu inatofautiana kidogo na ya mwalimu. Msiupange mlima mzima kwa ajili yake. Aingie nanyi msituni mwendo wa saa moja au moja na nusu, apumzike chini ya mitarakwa, kisha arudi taratibu na mmoja wenu pamoja na kiongozi wa pili, wengine mkiendelea. Njiani, huko chini kwenye vichaka vya leleshwa, mwambieni asugue jani moja viganjani na kunusa. Harufu yake ni kali kama kafuri, na kwa mtu aliyekulia upande wa Molo nadhani itamwambia mengi.

Mgeni wa jukwaa, Kakamega

Je, siafu? Kwetu msituni mvua ya kwanza huwatoa kwa wingi.

Mkulima wa pareto, Eburu

Wapo, ndugu. Suruali ndefu, ncha zake zichomekwe ndani ya soksi, na mtu asisimame juu ya mstari wao kupiga picha. Kuna pia majani ya thabai yanayowasha, basi msishike shike mimea pembeni.

Mkazi wa Dunga, Kisumu

Asanteni sana, mwalimu na ndugu yangu wa Eburu. Nimemsomea mama majibu yenu yote jana usiku. Mpango wa kurudi nusu ya njia ameukubali kwa sharti kwamba mjukuu wake wa miaka 13 ndiye atakayerudi naye, na kiongozi wa pili tutamlipa sisi. Tutalala Naivasha Ijumaa. Fimbo amekwisha kuzikata kwenye mpera wa nyuma ya nyumba, na asubuhi hii nimemkuta uani akizipima kwenye kiwiko.