Nataka niwe naota huku najua kabisa naota, nianzie wapi?

Mzawa wa Chuno
Wakuu habari za jioni. Hili jambo linanisumbua muda sasa, nimelileta hapa maana ukimuuliza mtu ana kwa ana anaanza kukuangalia vibaya. Mimi namuota sana marehemu babu yangu, tupo shambani kwake kule Newala tunaokota korosho, anaongea vizuri tu kama zamani, na humo ndotoni hata siku moja sishtuki kwamba huyu mzee tulishamzika. Nakuja kushtuka nikishaamka na naumia kwa kweli, yapo mambo ningependa kumuuliza, hata kumshukuru tu. Sasa nimesoma juu juu kwamba kuna watu wanajifunza kujitambua wakiwa ndani ya ndoto, mtu anajua kabisa hapa naota na anaendelea kuota. Ni kweli au stori za mitandaoni? Alafu ndoto zenyewe zinapotea, nikimaliza kupiga mswaki nimebaki na kipande tu. Kazi yangu ya zamu, alamu ya simu ikilia nakurupuka natoka. Mama anasema niachane nayo nitajiitia majinamizi. Mwenye uzoefu anielekeze tafadhali.

Ticha Masasi
Ni kweli mkuu, na ilishapimwa maabara. Mwaka 1975 pale chuo kikuu cha Hull, Uingereza, mtafiti Keith Hearne alimlaza bwana mmoja Alan Worsley akiwa amefungwa mashine, wakakubaliana kabla kwamba ukijitambua ndotoni chezesha macho kushoto kulia kwa mpangilio. Kwanini macho? Kwa sababu kwenye ule usingizi wa ndoto, wanauita REM, misuli ya mwili inalegezwa kabisa ili usije ukaanza kupigana na ukuta kwa unachokiota, ila macho yanabaki huru. Jamaa akayachezesha kama walivyopanga, na mashine inaonyesha mtu kalala. Baadae Stephen LaBerge wa Stanford kule Marekani akapata matokeo hayo hayo kivyake na akatengeneza mbinu za kujifunzia. Mwaka 2021 ndo wakaenda mbali zaidi, watafiti wa Marekani, Ufaransa, Ujerumani na Uholanzi wakawa wanawauliza watu maswali wakiwa usingizini, mmoja kaulizwa nane toa sita akajibu mbili kwa macho, hajaamka.

Ila ushauri wangu usikimbilie huko, anza na kukumbuka. Unaweza ukajitambua ndotoni vizuri tu na ukiamka usikumbuke chochote, sasa itakusaidia nini? Hapo kwenye kukurupuka ndo unapoipoteza. Ukiamka baki hivyo hivyo ulivyolala, usigeuke, usifungue macho, na simu usiiguse kabisa. Jiulize nilikuwa wapi, nilikuwa na nani, moyoni nilikuwa najisikiaje. Ukipata kipande kimoja usikiachie, kirudie mpaka kilichotangulia kije chenyewe, mara nyingi kinakuja kutokea mwisho kwenda mwanzo. Alafu andika palepale kwenye daftari, hata maneno matatu yanatosha. Siku ambayo hukumbuki kitu andika hukumbuki, ila andika, akili ikishaona unazijali ndoto itaanza kukuletea.

Na daftari lina kazi nyingine, baada ya muda unaona kinachojirudia. Wewe wala huna haja ya kusubiri, chako unakijua tayari, ni babu. Usiku ukiwa umejilaza hujapitiwa na usingizi chukua ile ndoto ya shambani uipitie upya kichwani, ila safari hii ukimuona babu unajiambia "mzee alishafariki, kwahiyo hapa naota". Irudie irudie mpaka usingizi ukuchukue nayo. Hiyo ndo mbinu ya LaBerge yenyewe, na kwa mtu mwenye ndoto moja inayorudi kama wewe naiona inafaa kuliko zote.

Bi Mdogo wa Mikindani
Kaka pole kwa babu. Ticha kaeleza vizuri, mi naongezea la muda maana wengi wanajaribu saa nne usiku wakati wa kulala wanaona haifanyi kazi wanaacha. Usingizi unakuja kwa mizunguko ya kama dakika 90 hivi, na ile sehemu ya ndoto mwanzoni mwa usiku ni fupi sana, inarefuka kadri kunavyokaribia kukucha. Mi niligundua Ramadhani, tunaamka kula daku, tunaswali alfajiri, ukirudi kujilaza kidogo kabla ya kazi unaota ndoto ndefu zenye rangi zake na unakumbuka kila kitu. Nikaja kusoma kumbe ni mbinu kabisa inayojulikana, unalala masaa matano au sita, unaamka unakaa nusu saa hivi, unarudi kulala ukiwa na nia yako. Kwahiyo wewe siku usiyo na zamu amka alfajiri, soma daftari lako, rudi kulala ukimuwaza babu.

Na ndo maana watu wetu wa mashambani msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, wanasema hawaoti, mtu kaamka usiku wa manane kawahi upepo haujaanza na harudi tena kitandani, ule usingizi wa mwisho wenye ndoto kaukata wote.

Mchana jizoeshe kujipima pia. Bana pua ufunge na mdomo ujaribu kuvuta hewa, ndotoni hewa inapita. Au soma maandishi, angalia pembeni, soma tena, ndotoni huwa yanabadilika. Ila fanya kwa kujiuliza kweli, ukifanya kwa mazoea tu na ndotoni utafanya kwa mazoea, na hutagundua kitu.

Mzee wa Ng'ambo Lindi
Mwanangu, mama yako msikilize ila pia mtulize. Jinamizi si la kulichukulia kama kitu cha kuitwa kwa ndoto. Ticha kasema mwili unalegezwa wakati wa ndoto, sasa akili ikitangulia kuamka kabla mwili haujafunguliwa ndo unajikuta huwezi kuinuka, kifua kizito, unaona kama kuna mtu chumbani. Linatisha sana nalijua, ila linapita lenyewe. Usipambane nalo, pumua taratibu, jaribu kutikisa vidole. Linawapata zaidi wanaolala chali na wasiolala vya kutosha, na hizi habari za kuamka amka usiku kweli zinaweza kulileta kwahiyo usifanye kila siku. Sisi waislamu tumefundishwa ndoto mbaya ujikinge kwa Mwenyezi Mungu, uteme kidogo kushoto mara tatu, ugeuke ubavu mwingine, na usimhadithie mtu. Ndoto nzuri msimulie unayempenda.

Kama una historia ya kuchanganyikiwa au kusikia sauti, hili jambo liache kwanza uongee na daktari. Na wiki ya zamu ya usiku lala tu mwanangu, usingizi wenyewe kwanza.

Mzawa wa Chuno
Asanteni sana, nimeelewa kuliko nilivyotegemea, na mama nitamsomea hiyo ya mzee. Swali la mwisho, nikimuona na nikajitambua, si nitashtuka niamke palepale?

Bi Mdogo wa Mikindani
Mara za mwanzo utaamka, furaha inaamsha. Ukiona picha inaanza kufifia sugua viganja vyako humo humo ndotoni, au shika kitu, shika hata hizo korosho, usikie ugumu wake, ndoto inatulia. Usikimbilie maswali makubwa, okota naye kwanza. Shukrani iweke mbele maana hujui utapewa dakika ngapi, na ukiamka usigeuke.