Tupeane uzoefu: ndege uliyemwona kwa sababu ulisimama

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za asubuhi. Kwa baadhi yetu sasa ni machipuko, kwa wengine mvua za kwanza zimeshaanguka na nyasi ndiyo kwanza zinachomoza. Kokote uliko, ndege wameanza kazi: wanaimba kabla ya jua kutoka, wanabeba vijiti, wanagombania matawi. Nimerudi kutembea sasa hivi, viatu bado vina umande, nikaona tukusanye habari zetu hapa. Sina haja na orodha ya ndege mia. Nataka yule mmoja uliyemwona kwa sababu ulisimama, au uliyemkosa kwa haraka zako.

Naanza mimi. Kwa miaka nilitembea na kamera mkononi, macho juu, miguu mbio, nikirudi nyumbani na picha za mikia. Asubuhi moja kamba ya kiatu ikafunguka, nikachuchumaa kando ya kichaka kilichochanua. Sijamaliza fundo, ndege chozi, dume, akatua hatua mbili kutoka usoni pangu. Kichwa na kifua vyeusi tii. Akageuza shingo kidogo, jua likamgusa, weusi wote ukawaka kijani, kisha ukazimika tena. Baadaye ndipo nikajifunza kwamba kijani kile hakimo ndani ya unyoya kama rangi. Ni umbo dogo sana la unyoya linalouchezesha mwanga. Tangu siku hiyo nachagua pa kusimama kwanza, jua likiwa mgongoni mwangu, halafu nangoja ndege ageuke mwenyewe.

Miguu Pole

Asante kwa mada, mkuu. Mimi macho yangu si mazuri, kwa hiyo nilijifunza kwa masikio. Natoka gizani, nakaa kwenye gogo, nafumba macho robo saa. Mwanzoni ni kelele tupu. Baada ya wiki mbili unaanza kuwatenga: huyu anarudia maneno matatu, yule anashuka kama anateremka ngazi. Dume anaimba kutangaza mipaka yake na kuita jike, kwa hiyo hurudi kwenye tawi lilelile. Ukishalijua tawi, huna haja ya kumfukuza.

Simu zina programu ya Merlin inayotambua sauti, na mimi naitumia, ila baada ya kukisia mwenyewe. Naomba jambo moja: tusiwapigie ndege sauti zao zilizorekodiwa ili watokee. Yule dume anaacha kula na kulinda kiota aje kupigana na adui asiyekuwepo.

Nyasi Ndefu

Mimi ni mtu wa kwera, wale ndege wanaosuka viota. Msimu uliopita nilikaa asubuhi tatu chini ya mti mmoja, nikimwangalia dume mmoja tu. Anang'ata ukingo wa jani refu, anaruka nalo, na ule uzi wa kijani unachanika wenyewe nyuma yake. Fundo la kwanza analifunga kwa mdomo huku mguu umebana uzi kwenye tawi. Kiota kikikamilika, ananing'inia mlangoni kichwa chini, anapiga mabawa na kupiga kelele. Jike akaja, akaingia, akavutavuta nyuzi kwa ndani kama mtu anayepima mshono, akatoka akaenda zake. Siku ya tatu kiota kilikuwa kimeanza kukauka na kuwa kahawia, na hakuna jike aliyegeuka kukitazama. Basi yule dume akakifumua chote, uzi kwa uzi, akaanza upya pale pale.

Picha nzuri ninayo moja tu, ya ule uzi wa kijani ukiwa mdomoni. Nimeitundika ukutani.

Mkono Mzito

Nimesoma za wenzangu nikasita kuandika, lakini mada imetaka ukweli.

Mwaka wangu wa kwanza na kamera nilipata kiota cha shore kwenye kichaka, urefu wa kifua. Mayai matatu, ya waridi yenye madoa mekundu. Jani moja kubwa lilikuwa linaziba. Nikalikata. Kisha la pili, na kitawi kidogo, mpaka mwanga ukaingia vizuri. Nilipiga picha ishirini hivi na kuondoka nimefurahi.

Kesho yake kiota kilikuwa kimelala upande na kipande cha ganda kimenata kwenye nyuzi. Kunguru wawili walikuwa juu ya mti wa jirani. Shore mwenyewe alikuwa tawi la pili, analia sauti fupi fupi bila kukoma, na mdomoni hakuwa na chochote. Nilisimama pale muda mrefu. Jani nililolikata ndilo lililokuwa paa lake, na ndilo lililomficha.

Picha zile nilizifuta. Sasa kiota nikikiona napita kama sijakiona, wala sitaji mahali kilipo. Na kuna dalili nawaomba mwijue nyote: ukimwona ndege ana chakula mdomoni, anarukaruka kwenye matawi na haingii kiotani, wewe ndiye unayemzuia. Rudi nyuma mpaka aingie. Makinda wanangoja.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, pole, na asante kwa kuandika. Hiyo dalili ya chakula mdomoni nilikuwa siijui.

Mgeni Porini

Shikamooni wakubwa. Nina lenzi ya 300 mm, ndege wakiruka wanatoka ukungu mtupu. Nakosea wapi?

Nyasi Ndefu

Marahaba. Pandisha kasi ya shata, yaani kasi ya kamera kufungua na kufunga: anzia 1/2000 ya sekunde kwa wanaoruka, acha ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ipande, picha ikiwa na chenga kidogo si neno. Fokasi iwe kwenye jicho. Ndege wa chini mpige ukiwa umelala kifudifudi, uwe usawa wake. Na kabla ya mbayuwayu, jizoeze kwa korongo. Ana mabawa ya polepole.

Waya wa Umeme

Umetaja mbayuwayu. Leo asubuhi wamejaa kwenye waya hapa kusini, mabega yanagusana, wanajisafisha mabawa. Kila mmoja ana gramu 20 hivi. Watu walikuwa hawajui waendako mpaka mmoja aliyevishwa pete mguuni Uingereza mwaka 1911 alipopatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912. Safari ya kilomita kama 10,000. Saa nne wameinuka wote, waya ukabaki unatikisika. Walio kaskazini, mtuambie wakifika.

Baridi Kidogo

Samahani kwa kufufua mada baada ya wiki tano. Niko kaskazini. Tangu jana wapo wawili kwenye banda la ng'ombe, wanashuka kwenye dimbwi la njiani, wanachota tope kwa mdomo, wanapandisha kwenye boriti. Kamera nimeiacha ndani. Nimekaa kwenye ndoo, mlango nimeuacha wazi.