Rili yangu ya maji chumvi imechoka kabisa, nichukue ipi?

Mwamba_na_Wimbi:
Wakuu habari zenu. Naombeni ushauri maana hili jambo nimelizunguka wiki ya tatu sasa, kila nikikaribia kuamua nasoma kitu kingine nachanganyikiwa upya. Rili yangu (mashine ya kukunjia mshipi) ya spiningi ni saizi 5000, nipo nayo mwaka wa sita na yote sita imeishi kwenye maji chumvi tu. Navulia juu ya miamba na mara nyingi naingia majini mpaka kiunoni, narusha popa (chambo bandia cha juu ya maji) na vyambo vya chuma vya gramu 40 mpaka 70. Ninaowapata zaidi ni kolekole wa kilo mbili mpaka sita hivi, nguru mara mojamoja, na yule mkubwa wa kukata mshipi anakuja kwa msimu mara moja au asije kabisa.

Sasa mashine imechoka. Ukizungusha mkono wa rili bila mzigo unasikia mkwaruzo, ukiweka mzigo inasaga mpaka unaihisi kwenye kiganja. Mkono unarudi nyuma kama robo mzunguko ndo unashika. Waya wa beili, ule unaoongoza mshipi, haufungi mpaka niusukume. Na dragi, ile breki ya kuachia mshipi samaki akivuta, ndo imenivunja moyo, majuzi kolekole amekimbia, dragi ikaachia, ikashika, ikaachia, ikashika tena, mshipi ukakatikia palepale kwenye fundo. Nilikaa kwenye jiwe nikaishika ile rili muda mrefu, imenipa samaki wengi sana jamani.

Nimeangalia Penn Slammer IV, Daiwa BG na Shimano Saragosa. Alafu kuna moja nimeiona kwenye tangazo, jina silijui, wameandika beringi 13, dragi kilo 25, na ni nyepesi kuliko hizo zote tatu. Fimbo yangu ni futi 9, inabeba mpaka gramu 80, mshipi wa kusuka paundi 30. Nyie mngechukua ipi na kwa nini?

fundi_grisi:
Pole mkuu. Kabla hujatoa hela ifungue kwanza, maana hizo dalili nne si ugonjwa mmoja.

Kurudi nyuma ni ile beringi ya njia moja, ndani ina vijiti vidogo vya chuma na springi ndogo sana, ikiingia chumvi au mtu akaijaza grisi nzito vile vijiti vinateleza badala ya kubana. Itoe, iloweke kwenye spiriti, iache ikauke vizuri, weka tone moja la oili nyepesi, grisi usiweke kabisa. Nimeona rili nyingi zinafufuka hapo hapo wakati mwenyewe ameshaandaa hela ya mpya. Dragi ya kushika na kuachia mara nyingi ni washa zake, zile sahani nyembamba za duara ndani yake, zimekauka au zimeingia chumvi, zako kama ni za feliti tafuta za kaboni zinazoingia saizi hiyo, paka grisi ya dragi kidogo tu. Beili angalia springi yake, na ile rola inayopitisha mshipi izungushe kwa kidole, kama haizunguki basi ndo inayokukatia mshipi pia, ile beringi yake ndo ya kwanza kufa karibu kwenye kila rili ya baharini kwa sababu maji yote yaliyobebwa na mshipi yanapita hapo.

Kinachonitia wasiwasi ni huo mkwaruzo. Mkwaruzo bila mzigo unaweza kuwa beringi tu, lakini ukizidi ukiweka mzigo hizo ni gia. Toa gia kubwa uangalie meno, alafu angalia na pinyoni, ile gia ndogo inayosagana nayo, hizo mbili zimelika pamoja kwaiyo huwezi kubadili moja ukaacha nyingine. Na muhimu kuliko vyote angalia bodi pale beringi za gia zinapokaa. Kile kishimo kikiwa kimepanuka, hata ukiweka gia mpya zitakaa upande na zitasagana tena baada ya muda mfupi. Ukishaangalia rudi hapa utuambie.

Mwamba_na_Wimbi:
Fundi asante sana, nimeifungua jana usiku. Beringi ya njia moja ilikuwa na uji mweusi, nimeisafisha na kweli mkono haurudi nyuma tena, sikuamini. Lakini gia kubwa meno yamekuwa membamba kama kisu, na upande wa mkono beringi inacheza ndani ya bodi, ukiisukuma kwa kidole inaenda na kurudi. Alumini pale imefanya unga mweupe.

fundi_grisi:
Basi hapo imeisha kaka. Huo unga mweupe ni alumini inaliwa, beringi ni chuma, bodi ni alumini, katikati kuna maji ya chumvi, ukiviweka hivyo vitatu pamoja alumini ndo inayoliwa. Na kwenye skrubu ni hivohivo, ndo maana zinaganda. Usiitupe lakini, spuli (pale mshipi unapokunjwa), springi na hiyo beringi ya njia moja uliyoisafisha vitakuja kumsaidia mtu.

Sasa kuhusu mpya. Hiyo ya beringi 13 achana nayo, ni mbuzi kwenye gunia. Hizo beringi 13 hawakuambii ni za nini wala zimekaa wapi, na baharini kila beringi ya ziada isiyokingwa ni sehemu nyingine ya kuingia kutu. Beringi tano sita nzuri, zenye kinga, zikikaa sehemu zinazobeba mzigo zinatosha kabisa. Na kilo 25 za dragi we utazifanyia nini? Mshipi wako paundi 30 ni kama kilo 13 na nusu. Dragi watu wanaiweka robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi, yani kwako kilo tatu na nusu mpaka nne na nusu. Daiwa BG ya 4000 inaandikwa kilo 8 na hiyo tayari ni karibu mara mbili ya unachohitaji. Mi mtu akiniuliza dragi namwambia usiangalie mwisho wake ni kilo ngapi, angalia kama inaanza kuachia bila kushtuka. Funga mshipi kwenye mizani, vuta kupitia kwenye fimbo, kama mshale unaruka juu ndo unashuka, hiyo dragi itakukatia samaki.

Alafu kitu ambacho watu wengi hawakijui, samaki akivuta mshipi na spuli ikapungua, dragi inazidi kukaza bila wewe kugusa chochote. Kipenyo cha mshipi uliobaki kikifika nusu ya cha mwanzo, nguvu inakuwa mara mbili. Kwaiyo kilo 4 ulizoweka ukiwa ufukweni zinakuwa 8 samaki akiwa mbali. Ndo maana mkubwa anakata mwishoni wakati mtu anazidi kufunga dragi, pale alitakiwa alegeze.

Chumvi_Mwilini:
Mwamba umesema unaingia majini mpaka kiunoni, mi naona hapo ndo jibu lako lote lilipo. Mtu anayevulia kwenye boti rili yake inapata mirusho tu, ya kwako inazama. Wimbi moja likikupiga imeenda chini, na mchanga juu. Mi navulia hivohivo na nimeharibu rili mbili nzuri kabisa kwa kudhani nikiisuuza nyumbani inatosha. Haitoshi. Chumvi ikishaingia ndani ukaisuuza kwa nje unakuwa umesafisha mlango tu.

Mi ningesema Slammer IV. Hiyo ina sili za kuzuia maji kwenye bodi na kwenye spuli, daraja la kuzuia maji IPX6, na gia kubwa ni ya shaba imechongwa kwa mashine. Naomba tuelewane hapa kwenye IPX maana watu wanadanganyika. 5 na 6 maana yake imepimwa kwa kupigwa maji ya mpira wa kumwagia, 6 ni mpira mkubwa zaidi na wa nguvu zaidi. 7 ndo kuzamishwa, mita moja kwa dakika 30. Kwaiyo 6 si ruhusa ya kuiacha chini ya maji, na hicho kipimo kinafanywa na maji baridi yasiyo na chumvi, rili ikiwa mpya. Sili ni mpira, mpira unachoka. Lakini kati ya rili yenye sili na isiyo na sili kwa mtu anayevulia kiunoni, mi sina mjadala.

Hasara yake ni uzito, na mkono unazunguka mzito kidogo ukiilinganisha na isiyo na sili kwa sababu zile sili zinasugua. Utaizoea. Kuna na Spinfisher VI ya Penn haohao ambayo ni IPX5, kama Slammer inakupita uwezo hiyo si mbaya hata kidogo.

popa_alfajiri:
Dada nakuheshimu lakini mi napinga. Rili yenye sili inamfanya mtu abweteke. Anaona imezibwa, haifungui miaka mitatu, siku akiifungua anakuta maji yaliingia kwa sili moja iliyokatika na hayakupata pa kutokea, yamekaa humo yanachemka na kila kitu. Nimefunguliwa moja mbele ya macho yangu, ndani ilikuwa kama chungu cha kutu.

Mimi natumia BG mwaka wa tano. Bodi yake ya alumini, ndani ni rahisi, ukishaifungua mara mbili ya tatu unafanya huku unaongea na simu. Haina sili ya maana na mi najua haina, kwaiyo naifungua kila baada ya miezi mitatu, nafuta, naweka grisi ya baharini, nafunga. Na uzito, jamani, uzito. Kurusha popa asubuhi nzima na rili nzito mkono unachoka kabla samaki hawajaanza kula. BG 4000 ni kama gramu 450, ya 5000 inapita 600. Kwa fimbo ya futi 9 na chambo cha gramu 70 mi ningeenda 4000 tu, mshipi paundi 30 unaingia wa kutosha.

Chumvi_Mwilini:
Nakubali kwamba sili bila kufungua ni hatari, hata yangu naifungua mara moja kwa mwaka na rola ya mshipi naitia oili kila wiki. Lakini we unafungua kila miezi mitatu, ni wangapi humu wanafanya hivo? Mwamba kasema miaka sita, nadhani jana ndo mara ya kwanza kaiona ndani. Kaka nisamehe kama nakosea.

Mwamba_na_Wimbi:
Hujakosea dada. Jana ndo mara ya kwanza.

kina_kirefu:
Naongezea mawili matatu. Saizi msilinganishe namba ya kampuni hii na ile, 4000 ya huyu si 4000 ya yule, Penn kwa kawaida zinakuwa kubwa zaidi kuliko Shimano ya namba hiyohiyo, angalia uzito na mshipi unaoingia. La pili ni mwendo wa gia. Popa unavuta unasimama unavuta, hapo mwendo wa kasi unasaidia kukusanya mshipi uliolegea kabla samaki hajapiga, lakini ukishamshika mkubwa mwendo wa kasi unakuchosha mkono. Kwenye Shimano utaona herufi, PG ni ya nguvu, HG ya kasi, XG ya kasi zaidi. Kwa popa na vyuma pamoja chukua ya katikati au HG. Saragosa ni rili nzuri sana ila mi kwa kazi ya kuingia majini nakubaliana na dada.

Na tafadhali chochote utakachochukua hakikisha spea zake zinapatikana. Omba mchoro wa vipande vyake kabla ya kununua, ule wenye namba ya kila kipande. Anayeuza akishindwa kukuambia utapata wapi rola ya mshipi na washa za dragi, hiyo rili siku ikiharibika ndo imekufa.

fundi_grisi:
Hapo kwenye spea umenena. Na ukija kusikia habari za Daiwa zenye oili ya sumaku, zile za juu kama Saltiga, ni mashine nzuri mno ila hizo usijifungulie nyumbani, ile oili inashikiliwa na sumaku kuzuia maji, ukiifuta au ukachanganya na oili ya kawaida umeharibu kinga yenyewe. Kwa mtu anayeanza kujifunza kufungua si za kuanzia.

Mwamba_na_Wimbi:
Wakuu nimewaelewa sana. Najijua, kila miezi mitatu sitafungua hata nikiapa, na kiunoni nitaendelea kuingia kwa sababu kolekole wako kule ng'ambo ya mwamba. Nachukua Slammer IV. Nilikuwa nawaza 5500 ila kwa alivyosema popa_alfajiri kuhusu uzito naona 4500, sijui nakosea? Alafu kusuuza ndo mnafanyaje, mi nilikuwa naipiga na mpira wa bustani kwa nguvu nikidhani ndo usafi.

kina_kirefu:
4500 iko sawa kabisa kwa fimbo hiyo.

fundi_grisi:
Huo mpira ndo ulioingiza chumvi ndani. Funga dragi yote kwanza ili maji yasipite kwenye washa, mwagia maji baridi ya taratibu kama mvua ya manyunyu, geuza huku na huku, usizungushe mkono wakati ina maji. Futa kwa kitambaa, alafu legeza dragi kabisa na uiache hivo mpaka siku ya kuvua, washa zikikaa zimebanwa wiki nzima zinagandana. Beili ifunge kwa mkono kila unaporusha, usiifunge kwa kuzungusha mkono wa rili, springi itadumu na mshipi hautajizonga.

Na siku ya kuweka mshipi anza na nailoni mizunguko michache chini ndo ufuate wa kusuka, ukiweka wa kusuka peke yake juu ya spuli unateleza wote kwa pamoja, utadhani dragi imekufa. Vuta kwa kubana na kitambaa chenye maji, usiweke umelegea. Acha milimita mbili hivi kutoka ukingo wa spuli.

Mwamba_na_Wimbi:
Sawa fundi. Ile ya zamani nimeitenga kwenye boksi, mwenye rili ya aina hiyo anayehitaji spuli na beringi ya njia moja aniambie nimpe.