Orvieto au Civita di Bagnoregio? Siku moja kutoka Roma, naomba ushauri

Mpanda_Kilima: Wakuu, Jumapili hii tunatoka Roma asubuhi, tunarudi jioni. Tuishie Orvieto, au tuunganishe basi hadi Civita, kile kimji cha kilimani kinachofikiwa kwa daraja la miguu? Tuko wawili. Tiketi za treni ninazo tayari, behewa la 4, viti vya dirishani.

Kokoto: Basi la Orvieto–Bagnoregio halitembei Jumapili. Swali limejijibu.

Mpanda_Kilima: Tutachukua teksi.

BiMwana: Orvieto usikose kisima cha Pozzo di San Patrizio, pale pale Piazza Cahen kigari cha kamba kinapoishia. Papa Clement VII aliagiza kisima hicho kichimbwe baada ya Roma kuporwa 1527, mji usije ukafa kiu ukizingirwa. Kina chake mita 53, ngazi mbili za mzunguko, kila moja vidato 248, wala hazikutani: nyumbu walishukia huku, wakapandia kule na maji.

Kokoto: Kauliza basi, kapewa kisima 😂

Fundi_Mawe: Wawili, wewe na nani?

Mpanda_Kilima: Mama mzazi. Ana miaka 71.

Fundi_Mawe: Miguu yake?

Mpanda_Kilima: Goti linamsumbua kidogo, anatembelea mkongojo. Ila ni mtu wa Lushoto, milima kaizoea. Na daraja la Civita kwenye picha limenyooka tu.

Fundi_Mawe: Picha za mbali hizo. Ni kama mita 300, magari hayapiti, na kipande cha mwisho ni mwinuko mkali. Goti huumia zaidi wakati wa kushuka. Kiingilio euro 5. Mji umekaa juu ya tufa, mwamba laini wa volkano, chini yake udongo wa mfinyanzi unaomomonyolewa na mvua. Ndiyo maana umebaki peke yake pale juu.

Mzee_Tulivu: Mama habebwi kama begi, kijana. Muulize yeye kwanza.

Chumvi_Kidogo: Mnapoteza muda. Treni za mkoa za Roma–Orvieto hazina namba za viti. Hii chai, tena ya maziwa.

Mpanda_Kilima: Ni Intercity, treni ya masafa marefu, mkuu.

Kokoto: Intercity ina viti, tumwache. Tiketi yake ni ya treni hiyo tu. Ya karatasi ya Regionale, hizo treni za mkoa, ndiyo hugongwa kwenye mashine kabla ya kupanda, ukisahau, faini.

Chumvi_Kidogo: Haya, nimemeza chumvi yangu.

Mpanda_Kilima: Kwa hiyo nibadilishe tiketi?

Fundi_Mawe: Ya nini? Mnashuka Orvieto vilevile. Kigari cha kamba kiko mbele ya stesheni. Mkifika juu msitembee barabara ya Corso Cavour, pandeni basi dogo hadi Duomo, kanisa kuu. Kisimani ingia peke yako. Jumapili asubuhi kanisani ni misa, watalii huingia mchana, na kapela ya San Brizio yenye michoro ya Signorelli iko ndani humo. Mabega yafunikwe, kanga inatosha.

Mpanda_Kilima: Mama anauliza misa saa ngapi.