Eneo la Zama za Mawe mtoni, na mwongozaji ndiye anagawa zana kama njugu!

Wakuu, nimejaribu kunyamaza nimeshindwa. Juzi nilitembelea eneo moja la Zama za Mawe kando ya mto. Jina naliacha, sitaki kesi na mtu. Hasira haijaisha mpaka leo.

Tukashuka korongoni. Chini, pale mto ulipomega kingo, zana zimetapakaa: mashoka ya mkono yenye umbo la tone la maji, mengine makubwa kuliko kiganja changu. Moyo ulinienda mbio, sitanii. Mwongozaji akainama, akaokota moja, akampa mama aliyekuwa mbele. Likapita mkono kwa mkono, likapigwa picha weee, lilipomrudia akalitupa kwenye rundo pembeni ya njia. Kwenye rundo!

Nikamwambia, "Kaka, si ungelirudisha lilipokuwa?" Akacheka. "Bosi, mawe hapa yapo mengi."

Mengi! Kwenye eneo la mtoni, swali la kwanza kabisa ni hili: zana iliachwa hapa na mtu au ililetwa na maji? Iliyoburutwa na mto makali yake hulika, kingo zinakuwa butu na laini kama kokoto. Iliyoachwa palepale inabaki kali. Ukiikuta kali, na vibanzi vilivyobanduliwa kwenye jiwe lilelile vimelala jirani, ujue mtu alikaa hapo akachonga. Wapo wataalamu wanaovipachika vibanzi hivyo kimoja kimoja, wakafuata mpaka mpangilio wa mapigo yake. Haya, nenda kavipachike kwenye rundo la yule bwana.

Halafu akatuonyesha "walivyokuwa wakichonga". Kachukua mawe mawili ya hapohapo, kagonga, kibanzi kikaruka. Watu wakapiga makofi. Kibanzi cha juzi sasa kimelala na vya kale, na hakuna aliyekiokota.

Watoto nao walikuwa wanachimbua ukingo kwa ncha za viatu, kila mmoja anatafuta lake. Wazazi wanatazama simu.

Na mnaosema ukingo wenyewe ni mchanga tu, someni habari za maporomoko ya Kalambo, mpakani mwa Zambia na Tanzania. Mwaka 2023 wanaakiolojia walitangaza magogo mawili yaliyochongwa yakashikana, yana angalau miaka 476,000. Mti, jamani! Haukuoza kwa sababu ulikuwa kwenye udongo uliolowa maji. Na umri wake waliupata kwenye huohuo mchanga, maana chembe zake hutunza dalili ya mara ya mwisho zilipoona mwanga. Sasa wewe unaufukua kwa kiatu saa saba mchana.

Wageni siwalaumu sana. Hawakuambiwa kitu pale getini, na kibao pekee nilichokiona kilielekeza chooni. Aliyelipwa kulinda ndiye anayegawa, wao wafanyeje?

Tunarudi, jamaa kiti cha nyuma akafungua begi, akatoa soksi, ndani ya soksi shoka la jiwe. "Zawadi ya mzee nyumbani," anasema, huku anapitisha kidole gumba kwenye ukingo wake kujionyesha.

Likamkata. Damu ikadondoka kwenye kiti.